Kiti cha Simu Dukani kwa Velji

Erastus alibeba magunia ya watu kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo jicho lake lilikuwa kwenye kiti kimoja tu. Kiti chenyewe kilikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la Velji, mjini Kakamega, mbele ya simu nyeusi ya kuzungusha kwa mkono. Alikikalia Ramnik, mpwa wa Velji, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza majembe, mbolea na mbegu bila kuinuka. Kila asubuhi Ramnik alizungusha simu, akamwomba opereta wa posta amwunganishe na chama cha ushirika huko Lugari, au na shule fulani, au na misheni ya Mukumu, kisha akaongea, akacheka, akaandika. Halafu Erastus, huko stoo, akasikia jina lake likiitwa: magunia kumi ya Lugari, pakia. Mmoja anauza ameketi, mwingine anapakia amesimama. Erastus aliona kuna kasoro katika mpango huo, na kasoro yenyewe ni kwamba aliyeketi hakuwa yeye.

Mwanzoni mwa mwaka 1965, Uhuru ukiwa bado mchanga na kila mtu akiuliza nani sasa atakaa wapi, Ramnik akapata chuo Uingereza. Velji akasema kazi ya simu ataichukua mwananchi. Erastus hakungoja kusikia zaidi. Jioni hiyo alimwambia mkewe Jescah kwamba kiti ni chake. Jumapili akamwambia mchungaji. Jumatatu akawaambia ndugu zake wawili, na mmoja wao akaanza kumwita karani, naye hakumkanya.

Basi fikiria uso wake siku aliyofika kazini akakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Anatafutwa muuzaji wa ndani. Kila anayetaka alete barua, atafanya mtihani wa hesabu, ataulizwa maswali, na wawili watakaobaki watajaribiwa kaunta siku moja moja.

"Bwana, hii karatasi ni ya nini?" Erastus aliuliza. "Mimi si niko hapa?"

"Iko hapa, ndiyo," Velji alisema. Alikuwa mzee mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyezaliwa Kisumu na kuzeekea nyuma ya kaunta. "Lakini kila mtu iko na haki kujaribu. Leta barua yako pia."

Barua zilikuja kumi na moja. Kumi Erastus hakuzijali. Ya kumi na moja ililetwa na kijana aitwaye Cleophas, wa Iguhu, ambaye Erastus alikuwa akimwona tu kwa mbali, aliyesoma Mukumu na kufundisha shule ya msingi miaka miwili. Hakuituma kwa posta. Aliileta mwenyewe kwa baiskeli, akamsalimu mlinzi, akamsalimu mwanamke anayefagia, akamsalimu na Erastus kwa mikono miwili akimwita mzee. Erastus alikuwa na miaka thelathini na minane. Hakuupenda uzee aliopewa bure.

Lakini kilichomkera hasa ni sauti. Cleophas alikuwa na sauti ya chini, ya taratibu, ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa. Alipouliza tu choo kiko wapi, yule mwanamke aliacha ufagio akampeleka mpaka mlangoni. Erastus alikuwa ameuliza mambo mengi katika duka lile kwa miaka tisa na hakuna aliyewahi kumwachia ufagio. Wivu ukaanza hapo. Ulianza mdogo, wa kuangalia viatu vya mwenzako na kujiambia havijalipiwa, ukakua kila siku.

Kwenye mtihani wa hesabu roho yake ilitulia kidogo. Bei zote alikuwa nazo kichwani, na alimaliza wa kwanza bila kosa. Cleophas alikosa swali moja, la ratili za misumari. Erastus alilisimulia kosa lile nyumbani mara tatu, mpaka Jescah akamuuliza kama hiyo misumari imekuwa wimbo.

Siku ya maswali ikamharibikia. Velji alimketisha, akasema, "Mtu napiga simu, nasema bei iko juu. Wewe nasema nini?"

"Nasema hiyo ndiyo bei."

"Na yeye nakataa?"

"Basi anaenda."

Velji akaandika kitu. Alipoingia Cleophas, Erastus alipata kazi ya ghafla ya kupanga ndoo karibu na mlango ule, ndoo ambazo zilikuwa zimepangwa tangu jana.

"Kwanza ningemuuliza shamba lake ni ekari ngapi," alisikia sauti ile ikisema.

"Sababu gani?"

"Mtu akianza kuongea juu ya shamba lake, bwana, anasahaunga bei. Hata njaa anaweza kusahau."

Velji akacheka. Si kicheko cha adabu, alicheka mpaka akavua miwani. Katika miaka tisa Erastus alikuwa amemwona Velji akikohoa, akikasirika, akilia hata, siku dada yake alipofariki, lakini kumchekesha hakuwahi. Alisimama na ndoo mkononi. Angeweza kumsamehe kijana yule elimu yake, na ujana wake, na baiskeli yake. Kicheko kile hakuweza.

Wakabaki wawili, yeye na Cleophas. Erastus akapewa Jumanne, na Cleophas akapewa siku ya soko. Hilo nalo likamuuma, ingawa Velji aliwachagulia kwa kurusha sarafu mbele yao wote.

Siku yake aliwauzia watu walichokuja kukitafuta. Aliyetaka jembe alipata jembe. Tatizo lilikuwa rundo la mifuko ya mbegu mpya ya mahindi, haibridi, ambalo Velji alilileta kwa wingi na hakuna aliyeligusa. Watu wa Kakamega waliweka mbegu zao juu ya moshi jikoni tangu enzi za babu zao, na kuambiwa wanunue mbegu kila mwaka waliona ni dharau. Mama mmoja akamuuliza Erastus, "Wewe mwenyewe umepanda hii?" Akajibu kwa ukweli wake wote kwamba hapana, yeye anapandanga ya mama yake. Yule mama akamshukuru, akaenda zake. Jioni rundo lilikuwa vilevile.

Erastus alirudi nyumbani Shirere akijua kwamba siku ya soko ikipita vizuri kwa yule kijana, amekwisha. Na hapo, akipita kando ya boma la jirani yake, akamwona mama Ayuma akianika maharagwe, na wazo likamjia zima, kana kwamba lilikuwa limemngojea njiani.

Ayuma alikuwa mjane mwenye heshima zake. Binti yake Mideva aliolewa mwaka uliotangulia, na aliyemwoa ni Cleophas huyohuyo. Kwa desturi ya huku, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali chumba kimoja, hawapishani kwenye njia nyembamba, mpaka siku mkwe atakapopeleka mbuzi wa kuondoa soni, na mbuzi huyo Cleophas alikuwa bado hajampeleka. Erastus aliyajua yote. Mara nyingi alikuwa ameona Cleophas akija na Mideva, akisimama nje ya ua mbali, na Ayuma akisikia kengele ya baiskeli anaingia jikoni na kufunga mlango. Wakikutana ana kwa ana mbele za watu ni aibu ya mwaka mzima, na kijana mwenye malezi anakimbia hata kama nyumba inaungua.

Sasa mpeleke Ayuma dukani saa nne, duka limejaa, kijana yuko kaunta. Atakimbia. Wateja watabaki wamesimama na pesa mkononi, na Velji, ambaye desturi hizi hazijui, ataona tu mfanyakazi aliyetoroka.

"Mama Mideva," Erastus alisema kwenye ua. "Mlisema wavulana wenu wamepata shamba Lugari."

"Wamepata, Baba Protus. Ekari tatu zimelimwa, hazina mbegu. Nafikirianga hilo tu."

"Mbegu mpya iko kwetu. Kesho kutwa, saa nne, njooni. Nitawaonyesha mimi mwenyewe."

"Siku ya soko?"

"Siku ya soko ndiyo nzuri."

Ayuma alimshika mkono kwa mikono yake miwili yenye vumbi la maharagwe, akamwambia Mungu amzidishie, kwa sababu mjane ni wachache wanaomkumbuka. Erastus aliona haya. Nitasema ukweli, aliona haya kwelikweli, na haya hiyo ilimfuata mpaka mlangoni kwake. Lakini akikumbuka Velji akivua miwani kwa kicheko, haya inarudi nyuma na wivu unakaa mbele. Hakumwambia mama yule nani atakuwa kaunta. Jescah alimuuliza alikuwa anatafuta nini kwa Mama Mideva, akasema alikuwa anamjulia hali.

Siku ya soko duka lilijaa tangu saa mbili. Cleophas alivaa shati jeupe, mikono imekunjwa, na watu walikuwa wanamngojea yeye hata pale Velji mwenyewe alipokuwa huru. Erastus alikuwa stoo, akitoka kila mara kutazama saa ya ukutani. Alijiambia anafanya hivyo kwa sababu ya kazi.

Saa nne na dakika chache, Cleophas aliinua macho barabarani na kumwona mama mkwe wake anavuka, leso begani, anakuja moja kwa moja. Aliweka chini mizani. Aligeuka, akaingia chumba cha simu, akauegesha mlango nyuma yake, na Ayuma akaingia dukani.

"Cleophas iko wapi?" Velji aliuliza. "Watu nangoja."

"Amekimbia, bwana," Erastus alisema, na furaha aliyokuwa nayo ilibidi aishike kwa meno isitoke. "Ameacha kazi katikati. Mimi naweza kuwashughulikia hawa."

Wateja walikuwa wameshaelewa. Wengi waliijua ndoa ile, na waliokuwa hawaijui wakanong'onezwa. Mzee mmoja akacheka chini chini. Ndipo kutoka nyuma ya mlango ule ikaja sauti, ya chini, taratibu.

"Mulembe, mama."

Ayuma alishtuka, akaitambua. Hapo angeweza kutoka mbio, na Erastus alikuwa akimngoja atoke mbio. Badala yake aligeuka, akaupa mlango mgongo, akavuta leso mpaka kichwani, akaketi juu ya mfuko wa saruji. Sauti haikukatazwa, mradi macho yasikutane.

"Mulembe, baba. Huko kwenu mko salama?"

"Tuko salama. Mideva anawasalimia. Nasikia Lugari mmelima."

"Ekari tatu, baba. Nimekuja kwa ajili ya mbegu, ile wanasema mpya. Lakini ya kununua kila mwaka, mimi naogopa."

"Ya nyumbani kwenu naijua, mama. Mideva alikuja nayo. Ni tamu, na msiiache. Mpande karibu na nyumba, ya kuchoma na ya watoto. Lakini ekari za Lugari ni za kuuza. Wale wazungu walioondoka huko, walipandanga mbegu ya wapi?"

"Ya kununua."

"Basi hiyo ardhi imezoea."

Watu wakacheka. Ayuma mwenyewe alicheka ndani ya leso. Sauti ikaendelea: "Mpande ekari moja ya hii mpya, mbili za ile yenu. Wakati wa kuvuna msiniamini mimi. Mwamini magunia."

"Na nikikosa?"

"Mkikosa, kwangu mnakujua. Ingawa kuingia hamtaingia."

Hapo duka lilipasuka kwa kicheko. Kisha ile sauti ikasema jambo ambalo Erastus hakuwa amelipangia. "Mzee Erastus, tafadhali. Mimi siwezi kumfikia mama. Mpelekee punje chache azishike."

Ndivyo ilivyokuwa. Kati ya mkwe na mama mkwe lazima awepo mtu wa kupokeza, na aliyekuwa karibu ni yeye. Erastus alipeleka punje. Ayuma akaziviringisha kiganjani, akauliza mbona zina rangi, Erastus akarudi kusimama mlangoni ingawa swali lilisikika vizuri, jibu likaja, kwamba ni dawa ya wadudu, akalipeleka. Akapeleka mfuko. Akapeleka wa pili, maana mama alikuwa amebadili mawazo, ekari mbili za mpya na moja ya kwake. Mzee aliyecheka chini chini akasema na yeye aulizwe shamba lake. Mwanamke aliyekuwa na kitoto mgongoni akapaza sauti kuuliza kama mbegu hiyo inavumilia mvua ya mawe. Wote waliongea na ule mlango, na mlango ukawajibu mmoja mmoja, na Erastus akabeba. Kila mfuko aliouinua ulimzidishia wivu. Alibeba mpaka rundo likafika kwenye sakafu.

Velji alitoka nyuma ya kaunta, akaenda kuchungulia. Cleophas alikuwa amesimama akiutazama ukuta, mkono mmoja juu ya kile kiti, anaongea na chokaa. Velji alirudi akifuta miwani.

"Huyu hapana ona mtu," alisema, bila kumlenga mtu. "Mtu hapana ona yeye. Na mbegu nakwisha. Hii ndiyo simu. Kazi yenyewe ndiyo hii."

Erastus alisikia maneno yale akiwa na mfuko wa mwisho begani. Alitamani kuuangusha, lakini mwenye mfuko alikuwa ananyoosha mikono.

"Mama, nani naleta wewe hapa leo?" Velji akamuuliza Ayuma.

"Ni Baba Protus," Ayuma alisema, bado amegeukia barabara. "Aliniita mwenyewe. Alisema nije saa nne." Halafu, polepole, kwa ajili ya aliye nyuma ya mlango: "Mwaka mzima sijaongea na mkwe wangu maneno kumi. Leo nimemsikia."

Cleophas hakuwa mjinga. Alijua siku ya jaribio lake ilijulikana na nani. Jioni, walipokuwa wakifunga milango ya mbao, alisimama mbele ya Erastus kana kwamba anataka kuuliza, kisha akamwambia tu asubuhi njema, mzee, ingawa ilikuwa jioni. Akapanda baiskeli, akaenda.

Velji alimwita Erastus kaunta.

"Mimi naambia wewe kitu, sababu wewe iko na mimi miaka tisa. Hii kijana nilijaribu kwa sababu nilisema nitajaribu. Jumanne usiku nilisema na mke yangu, nitapa Erastus. Yeye najua duka yote. Kuongea na simu atajifunza." Alinyoosha uzi wa miwani. "Lakini leo umeniletea mama, nimeona kwa macho yangu. Sasa nitafanya nini? Wewe mtu mzuri. Mtu ingine hapana saidia mwenzake hivi."

Erastus alitaka kusema. Angesema nini? Kwamba hakumsaidia? Kwamba alitaka kumwaibisha kijana mbele ya mama wa mkewe, na kumwaibisha mjane pamoja naye? Akasema, "Asante, bwana," akachukua kofia yake. Njia nzima mpaka Shirere alimwonea Cleophas wivu, na kwa mara ya kwanza alijionea wivu yeye mwenyewe, yule wa Jumanne usiku, aliyekuwa na kazi na hajui.

Jescah alimpokea mlangoni akitabasamu, na nyumba ilinukia vizuri kuliko kawaida.

"Kazi imekuwaje?"

"Amepata yule wa Iguhu."

Tabasamu lilipungua, lakini halikwisha lote. "Hata hivyo keti. Mama Mideva alipita. Ameleta ingokho, jogoo mzima, yule wake mwekundu. Anasema ni wa kukushukuru. Ulimfanyia nini, Baba Protus? Alikuwa karibu kulia."

Erastus aliketi. Jescah akaweka obusuma, ugali wao, mezani, akaweka bakuli la nyama, na juu ya sahani ya mumewe, peke yake, akaweka firigisi, imondo yenyewe, kama inavyotakiwa, kwa kuwa firigisi ya jogoo huliwa na mwenye nyumba na si mtu mwingine. Watoto walikuwa wakimngojea aanze.

"Mpe Protus," alisema.

"Mtoto hali imondo baba akiwa hai," Jescah alisema. "Umeanza kuumwa?"

"Siumwi."

"Basi kula. Ni yako. Umeletewa wewe."

Angeiacha, angeulizwa kwa nini, na akijibu swali hilo angelazimika kujibu mengine yote. Erastus akaiweka mdomoni. Ilikuwa imepikwa vizuri, laini. Aliitafuna muda mrefu sana, mkewe na watoto wakimtazama, mpaka ikaisha.